Flisi nyepesi ya mlimani: ipi uchukue, ipi uiache mnadani

#1 Mzee wa Horombo

Wadau, salaam. Kila anayeuliza flisi (fleece, lile jaketi la kitambaa laini chenye manyoya) ya Kilimanjaro humu anajibiwa "chukua nzito, juu kuna baridi". Ushauri huo ndio unaowafikisha watu kambi ya Barranco wakiwa wamelowa jasho, jua likizama wanaanza kutetemeka ndani ya hema. Uzi huu ni wa flisi nyepesi tu, ile ya kutembelea. Jaketi la manyoya ya bata na koti la mvua tutayagusa pale yanapoingiliana nayo.

Kwanza tuelewane kazi yake. Flisi inavaliwa katikati: chini fulana ya poliesta au ya sufu ya merino, juu koti la upepo au la mvua. Inashika hewa iliyopashwa na mwili, na inauachia mvuke wa jasho utoke. Upepo haizuii, wala usiitegemee kwa hilo. Ivae peke yake pale Lava Tower, mita 4,600, upepo ukivuma utadhani umevaa wavu. Weka juu yake koti jembamba la nailoni la grami 100 hadi 150, flisi ileile inakuwa nguo nyingine kabisa.

Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 hadi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Moshi ikiwa nyuzi 28 mchana, kambi ya Barafu kwenye mita 4,673 tarajia kama nyuzi 4, upepo bado hujauhesabu. Kwa mtu anayetembea na kijibegi mgongoni, nyuzi 4 ni baridi ya flisi nyembamba. Usiku wa kilele ni habari nyingine: mnaondoka kambini karibu na saa sita usiku, mwendo ni pole pole kweli, mwili hautoi joto la maana, na kule juu ni chini ya sifuri kwa nyuzi nyingi. Hapo flisi inabaki ndani, jaketi la manyoya ya bata linakuja juu. Hakuna flisi itakayoifanya kazi hiyo peke yake, iwe nene namna gani.

Sasa unene. Kitambaa hupimwa kwa grami kwa kila mita ya mraba. Yale majina ya 100, 200 na 300 yalienezwa na Polartec, chapa iliyotoka kiwanda cha Malden Mills cha Massachusetts, na leo kila muuzaji anayatumia. Ya 100 hutoa jaketi la grami 200 hadi 270 hivi. Ya 200 inafika 350 hadi 450. Ya 300 inaanzia 500 kwenda juu, na hiyo iache nyumbani, labda uwe mtu wa kukaa kambini bila kutembea.

Kuna ya gridi: igeuze nje-ndani utaona vijumba vya mraba na mifereji katikati yake. Vijumba vinashika hewa, mifereji inapitisha mvuke, na upande wa nje ni laini kwa hiyo koti linateleza juu yake bila kukwama mikononi. Grami 280 hadi 370. Halafu kuna hizi za siku hizi za manyoya malegevu, kama Alpha Direct ya Polartec. Ukiinua juani unaona upande wa pili. Yenye kofia unaweza kuipata kwa grami 120 hadi 180, na kwa joto linalotokana na uzito huo sijaona mpinzani wake, ila bila koti juu yake haina maana.

Kwa njia za Machame, Lemosho au Marangu, mimi namwambia mtu achukue gridi, au ya 100 iliyofumwa vizuri, zipu nusu, kola ndefu au kofia, isizidi grami 350. Pesa iliyobaki aiweke kwenye jaketi la kilele.

#2 Kichwa Ngumu

Mkuu, mbona tunahesabu grami kama wauza dhahabu wakati begi linabebwa na mgumu, yaani mpagazi? Si nichukue tu ya 300 nimalize kazi?

#3 Mzee wa Horombo

Kwa sababu flisi haikai kwenye begi la mgumu. Mgumu mnaachana naye asubuhi, anawapita njiani, mnamkuta kambini. Chochote utakachokihitaji kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa mchana kiko mgongoni mwako: maji lita 3, koti la mvua, chakula cha mchana, kofia, glavu, na hiyo flisi. Siku ya msituni utaivua baada ya dakika 20 na kuibeba siku nzima. Ya 300 ikishavuliwa inajaza nusu ya kijibegi cha lita 25. Ya 100 unaisokota inaingia pembeni ya chupa.

Pili, ya 300 ikilowa hukauki nayo. Poliesta yenyewe hainywi maji, haifiki hata asilimia 1 ya uzito wake, lakini maji yanakaa katikati ya nyuzi. Nyuzi zikiwa nyingi, maji yanayokaa ni mengi. Nyembamba unaikamua kwa nguvu, unaikung'uta mara tano sita, unaivaa chini ya koti, na joto la mwili linaikausha ukiwa unatembea.

Na huyo mgumu ana haki yake pia. Kanuni ya KINAPA, wasimamizi wa hifadhi ya Kilimanjaro, ni kilo 20 kwa mzigo anaobeba, na makampuni mengi humpa mgeni kilo 15 za begi. Ukijaza nguo nene ambazo hazitavaliwa, unamtwisha mtu bure.

#4 Dada wa Memorial

Mzee amemaliza upande wa mlima, mimi niseme upande wa kununua, maana wengi wetu hatununui mpya. Pale soko la Memorial Moshi, Karume Dar, popote robota la mitumba linapofunguliwa, flisi ni nyingi kuliko nguo zote za mlimani. Shida ni kwamba zote zinaitwa flisi.

Anza na lebo ya ndani, ile ndogo ya ubavuni, usihangaike na nembo ya kifuani. Marekani na Ulaya neno hilo wanaliweka pia kwenye masweta ya pamba yaliyokwanguliwa ndani yakawa laini. Ukisoma pamba 80, poliesta 20, rudisha. Mkononi inavutia kuliko flisi yenyewe, lakini pamba inakunywa jasho na haikauki mlimani. Unachotaka ni poliesta 100, au poliesta 92 hadi 95 na kilichobaki spandeksi ya kuivutisha.

Lebo imekatwa? Omba muuzaji akuruhusu kuchomoa manyoya kidogo upande wa ndani wa pindo, uyachome kwa kiberiti pembeni, mbali na mzigo wa watu. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha punje ngumu nyeusi. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Angalizo: chomoa manyoya ya kitambaa chenyewe, usichomoe uzi wa mshono. Uzi wa kushonea mara nyingi ni poliesta hata kwenye nguo ya pamba, na hapo watu wengi wanadanganyika.

Halafu pumzi. Bana kitambaa mdomoni, weka kiganja upande wa pili, puliza. Flisi nzuri ya kutembelea hewa inafika kiganjani bila kulazimisha. Ukipuliza mashavu yakavimba na kiganja kisihisi kitu, hapo kuna utando wa plastiki katikati. Hiyo ni ya kuzuia upepo, ni nzito, na ukipanda kilima inakupikia jasho ndani.

Iinue juani. Angalia viwiko, mabega na kiunoni nyuma, sehemu zinazosuguliwa na mikanda ya begi. Pakionekana mwanga wa mabaka wakati sehemu nyingine zimefunga, manyoya yamekufa pale na hayarudi. Vile vidonge vya nyuzi vilivyojikusanya juu si tatizo kubwa, vinanyolewa. Ubapa ndio ugonjwa: flisi iliyolala inaweza kuwa na uzito uleule wa mpya lakini haishiki hewa. Bana kitambaa kwa vidole viwili kisha achia. Kikirudi juu, kiko hai.

Mwisho mizani. Nunua ile mizani ndogo ya kuning'iniza, au muombe muuza nyama jirani. Jaketi la saizi M linakula kitambaa cha kama mita ya mraba 1.5. Toa grami 50 za zipu, mifuko na lastiki, gawanya kwa 1.5. Mfano: mizani imesema 290, ukitoa 50 inabaki 240, gawanya kwa 1.5 unapata 160. Basi hiyo iko kati ya 100 na 200, saizi ya Kilimanjaro hasa. Yenye kofia gawanya kwa 1.7. Si hesabu ya maabara, lakini inatosha kukuzuia kununua ya 300 ukidhani ni ya 200.

Nembo kubwa ya kampuni maarufu isikutie wazimu. Feki zipo hadi kwenye robota. Nguo iliyouzwa Marekani mara nyingi ina namba inayoanza na RN kwenye lebo. Namba hiyo unaitafuta kwenye tovuti ya tume yao ya biashara, FTC, na jina la kampuni iliyosajiliwa linatokea. Nembo ikisema hivi na RN ikasema vingine, lipia kitambaa, usilipie jina.

#5 Wa Sirimon

Hapo dada umeongea. Huku soko la Gikomba, Nairobi, ni vilevile, ila ukitaka kamera, yaani zile za daraja la kwanza, lazima uwepo robota likifunguliwa asubuhi. Ukija saa tano unapata zilizochaguliwa mara tatu, na zile za gridi zinaenda kwanza kwa sababu watu wa baiskeli pia wanazitaka.

Napingana na Mzee kwa jambo moja: zipu nusu. Kwa Mlima Kenya mimi nashauri zipu nzima. Ukitoka lango la Sirimon mita 2,650 kwenda kambi ya Old Moses 3,300, halafu ya Shipton 4,200, unatembea kwenye jua, ghafla ukungu, ghafla manyunyu, kisha jua tena. Zipu nusu ukitaka kuivua lazima utoe kofia, miwani na begi. Zipu nzima unaifungua mpaka chini, unapoa, unaendelea kutembea. Uzito unaoongezeka ni grami 20 hadi 40 tu.

Mifuko pia iangaliwe. Mifuko ya pembeni ikiwa chini sana inafunikwa na mkanda wa kiuno wa begi, huwezi kutia mkono, na zipu zake zinakufinya kwenye nyonga. Vaa begi lenye mzigo dukani ujaribu. Mfuko mmoja wa kifuani unatosha simu na krimu ya midomo. Kama mifuko ya pembeni ni ya wavu, ni vizuri zaidi, ukiifungua inapitisha hewa.

#6 Mzee wa Horombo

Hoja ya zipu naikubali kwa nusu. Zipu nzima ikiwa chini ya zipu ya koti, na koti chini ya zipu ya jaketi la kilele, unapata mstari wa plastiki tatu unaokubonyeza kidevuni usiku kucha. Mwenye koti la zipu nzima na jaketi la zipu nzima, flisi ya zipu nusu inamfaa. Lakini kwa wanaoanza, wasiojua bado kupangilia nguo, zipu nzima haina kosa.

Kofia ya flisi ndiyo sibishani nayo. Grami 30, na inakuokoa shingo na masikio bila kutafuta chochote kwenye begi. Iwe ya kubana, iingie chini ya kofia ya koti. Ile kubwa ya kulegea inakuziba macho ukigeuza kichwa.

#7 Binti Kibosho

Naomba kuuliza saizi. Lebo inasema M, nyingine M inanibana, nyingine naogelea. Nipime nini?

#8 Dada wa Memorial

Mdogo wangu, usisome herufi. Tandaza jaketi mezani, pima kwapa hadi kwapa, zidisha kwa mbili. Namba hiyo izidi mzunguko wa kifua chako kwa sentimita 6 hadi 10. Chini ya 6, ukivaa fulana ya mikono mirefu ndani itabana na hewa haitakuwa na pa kukaa. Ikizidi 14, hewa baridi inapanda kutokea kiunoni kila ukipiga hatua, na koti juu yake linajikunja.

Ukishavaa, inua mikono yote miwili juu kama unashika mwamba. Pindo la chini lisipande juu ya mkanda wa suruali, na mikono isirudi nyuma ya kifundo zaidi ya vidole viwili. Kumbatia mwenyewe uone mgongo: mshono wa mabega usivute. Za kiume zina kiwiliwili kirefu na nyonga nyembamba, kwa hiyo wadada wengi zinawakaba chini hata kama kifuani ni sawa. Fungua zipu ya chini kama ina vichwa viwili, au tafuta yenye pindo bila lastiki.

#9 Fundi Cherehani

Nimeona mnasifia zipu lakini hamjasema zinavyokufa. Zipu ya flisi nyepesi huwa namba 3 au namba 5, na namba hiyo inakaribia upana wa meno kwa milimita zikiwa zimefungwa. Namba 3 kwenye zipu nusu ni sawa. Kwenye zipu nzima inayofunguliwa mara 20 kwa siku, tafuta 5.

Ikianza kuachia nyuma ya kichwa, yaani unafunga lakini meno yanafunguka, usikimbilie kubadilisha zipu. Kichwa ndicho kimepanuka. Kibane kwa koleo taratibu, upande wa kushoto kidogo, upande wa kulia kidogo, huku ukijaribu. Ukibana kwa mara moja kinapasuka. Lakini ukikuta kile kipini cha chini kimechanika kitambaa chake, hapo hakuna dawa, ni zipu mpya. Kwa hiyo mnapochagua mtumba, kikagueni kipini hicho kwanza kabla ya meno.

Kubadilisha zipu kwenye flisi kunaharibiwa na mafundi wengi. Kitambaa kinavutika, zipu haivutiki, na fundi akikivuta wakati wa kushona, jaketi linatoka na mawimbi kifuani. Kishikize kwanza kwa mkono kwa uzi wa muda, punguza mkandamizo wa mguu wa cherehani, tumia sindano ya ncha ya mviringo namba 80 au 90, hatua ya mshono milimita 3 hadi 3.5, uzi wa poliesta. Sindano kali inakata vitanzi vya kitambaa, baada ya miezi michache unaona vitundu vimejipanga kando ya zipu.

Anayetaka kushonewa mpya: kabla ya kununua kitambaa, kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, kipime kwa mizani ya sonara. Gramu 1 ni flisi ya 100, gramu 2 ni ya 200. Kitambaa cha mablanketi kinachouzwa kwa mita hakina shida kwa kuvaa mjini, ila kinatoa vidonge upesi sana chini ya mikanda ya begi.

#10 Kichwa Ngumu

Nimeelewa somo, nashuka kwenye ya 300. Swali la pili: wagumu nao wavae hii hii? Nataka kununua kama kumi za timu.

#11 Mzee wa Horombo

Hapana, hapo vigezo vinageuka. Mgumu anabeba kichwani, shingoni na begani, na mzigo unasugua. Alpha au gridi nyembamba itakwisha mabegani ndani ya msimu. Mnunulie ya 200 iliyofumwa kwa kubana, uso wa nje laini, ikiwezekana yenye viraka vya nailoni mabegani. Kola fupi, isiwe na kofia inayojikusanya nyuma ya shingo mzigo unapokaa. Zipu nzima namba 5. Na kila flisi iende na koti la mvua, la sivyo umempa nguo ya kulowana. Kwa mgumu ambaye hajapewa na kampuni, KPAP, shirika la kusaidia wapagazi pale Moshi, huazima nguo za mlimani bila malipo, wengi hawaulizi.

#12 Jamaa wa Munich

Naongezea kuhusu mpya na kufua. Huku bei zinashuka majira ya baridi yakielekea ukingoni, maduka yanapoondoa mzigo. Mwenye ndugu Ulaya amwagize wakati huo, na amtumie vipimo vya sentimita kama alivyosema dada, kwa sababu M ya Ujerumani si M ya Marekani. Kwenye maelezo ya bidhaa mtandaoni soma uzito wa jaketi zima na uzito wa kitambaa. Muuzaji asiyetaja hata kimoja mara nyingi anauza mwonekano.

Kufua: geuza nje-ndani, funga zipu, maji baridi au ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 30, sabuni kidogo, suuza mara mbili. Dawa ya kulainisha nguo usiweke kabisa, inapaka nyuzi mafuta, jasho halisambai na nguo inachelewa kukauka. Mtumba wenye harufu uloweke nusu saa kwenye beseni la lita 10 na nusu kikombe cha siki nyeupe, kisha ufue kawaida. Anika kivulini. Pasi hapana, hasa ya mkaa, ambayo huwezi kuipima moto: manyoya yanalala na kung'aa, na hayainuki tena. Kadiri unavyosugua kwa nguvu ndivyo vinyuzi vya plastiki vinavyotoka na kwenda na maji ya kufulia, kwa hiyo usiifue kila siku. Baada ya matembezi mafupi ianike hewani tu. Inayofuliwa kila siku ni fulana ya ndani.

#13 Binti Kibosho

Asanteni sana. La mwisho: nimeipata ya gridi, nzuri, grami 310, kipini kizima, ila ina kitundu cha cheche kwenye mkono, kama punje ya mchele. Niiache?

#14 Fundi Cherehani

Chukua, na utumie kitundu hicho kupunguzia bei. Flisi nyingi hazifumuki zenyewe zikitoboka kidogo. Kata ile punje ngumu iliyoyeyuka kwa mkasi mdogo, maana ndiyo inayokwaruza na kupanua tundu. Kutokea upande wa ndani, pitisha uzi wa poliesta kuzunguka tundu, vuta polepole mpaka midomo ikutane bila kukunja kitambaa, funga fundo mbili. Tundu likizidi sentimita 1 usivute, weka kiraka cha flisi nyembamba kwa ndani na kishonwe kwa mkono, mshono wa kulegea kidogo ili mkono uendelee kuvutika. Gundi usitie, inakauka ikawa ngumu na kitambaa kinakatika pembeni yake.